Kuchapa Vipuri vya Printa ya 3D kwa Printa Hiyohiyo: Mwongozo Kamili

Printa ya 3D ina uwezo ambao cherehani na friji hazina: ikiwa nzima, inaweza kujitengenezea vipuri vyake yenyewe. Tatizo liko hapo kwenye "ikiwa nzima". Watu wengi hukumbuka kuchapa mkono wa ekstruda (sehemu inayosukuma uzi wa plastiki, yaani filamenti) siku ulipovunjika, na siku hiyo mashine haisukumi tena filamenti. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu ambaye printa yake inafanya kazi leo. Aliyekwisha kukwama atapata sehemu yake mwishoni.

Wazo hili si geni. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap, akikusudia mashine itakayochapa sehemu zake yenyewe na ambayo michoro yake itagawiwa bure. Mashine ya kwanza iliitwa Darwin, na mwaka 2008 sehemu za plastiki zilizochapwa na mashine moja ziliunganishwa kuwa mashine ya pili. Ni sehemu za plastiki tu, lakini. Fito, mota, beringi na bodi ya umeme zilinunuliwa, na watu wa RepRap wakaziita vitamini, kwa sababu mashine inazihitaji ila haiwezi kujitengenezea. Mpaka huo haujasogea sana hadi leo. Kampuni ya Prusa Research ya Prague imekuwa ikichapa kwa printa zake sehemu za plastiki ya PETG zinazofungwa kwenye mashine inazouza, na wanaojijengea Voron, printa ya michoro huria, huchapa sehemu zao kwa plastiki ya ABS, lakini mota wote wananunua.

Kipi uchape, kipi ununue

Zima mashine, chomoa umeme, iache ipoe, kisha ipitie sehemu kwa sehemu ukijiuliza mambo mawili. Sehemu hii inapata joto kiasi gani? Na ikivunjika ghafla katikati ya kazi, nini kitatokea?

Bomba la hewa la feni, kishikio cha rola ya filamenti, vibana nyaya, vifundo vya kukazia kitanda na kifuniko cha skrini: chapa bila wasiwasi. Vikivunjika, hasara yake ni ndogo.

Kundi la pili ndilo lenye kazi. Humo mna mkono na mwili wa ekstruda, behewa linalobeba kichwa cha kuchapia, vikaza mikanda, vishikio vya mota, na vishikio vya fito na beringi. Vipuri hivi hubeba nguvu muda wote mashine inapotembea, na usahihi wa kila utakachochapa baadaye unavitegemea. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inavihusu.

Kundi la tatu usiliguse. Chochote kinachogusa bloku ya joto inayoyeyushia plastiki hakiwezi kuwa cha plastiki. Puli ya mkanda wa GT2 ina meno yanayopishana kwa milimita 2 tu, na nozeli (ncha inayotoa plastiki) ya milimita 0.4 haiwezi kuyachonga sawasawa, kwa hiyo ukichapa puli utaona mistari ya mawimbi kwenye kila ukuta. Skrubu ya kupandishia mhimili wa Z nayo ni ya kununua. Halafu kuna mifuniko ya sehemu zenye umeme wa ukutani. Plastiki za kawaida za printa hushika moto, na waya uliolegea kwenye terminali unaweza kupata joto kali bila mtu kujua. Najua wapo wanaoichapa na mashine zao zinaendelea kutembea. Mimi nanunua ya chuma.

Pata mchoro sahihi

Mashine ya jina moja hutoka kwa matoleo kadhaa, na mara nyingi tofauti ni tundu moja lililosogezwa milimita 2. Angalia namba ya toleo kwenye kibandiko cha mashine au kwenye menyu yake, kisha tafuta faili za toleo hilohilo kwa mtengenezaji kabla ya kwenda kwenye maktaba za michoro za watumiaji. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua faili ya STEP badala ya STL. STL ni pembetatu tupu, kuihariri ni kazi ngumu. STEP ina maumbo yenyewe, hivyo unaweza kubadilisha kipenyo cha tundu moja bila kugusa mengine.

Mchoro usipopatikana, fungua kipuri cha zamani ukipime kwa kalipa. Habari njema ni kwamba vipimo vingi ndani ya printa ni vya viwango vinavyojulikana, kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Mota ya NEMA 17 ina matundu manne ya bolti za M3 yaliyoachana milimita 31 kutoka kitovu hadi kitovu, na mdomo wa duara wa kipenyo cha milimita 22 katikati. Beringi ya LM8UU ni milimita 8 ndani, 15 nje, urefu 24. Beringi ya 608 ni 8 ndani, 22 nje, unene 7. Nati ya M3 ina upana wa 5.5 kati ya pande zake bapa. Kipimo chako kikisoma 30.8 mahali panapofungwa mota, andika 31.

Kupima umbali kati ya vitovu vya matundu mawili huwasumbua wengi. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lingine, kisha kutoka ukingo wa ndani hadi wa ndani. Jumlisha, gawa kwa mbili. Hapo kipenyo cha matundu hakina athari tena.

Chagua plastiki kwa mahali, si kwa mazoea

PLA huchapika kirahisi na ni ngumu, lakini huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Mota inayofanya kazi saa nyingi hufika hapo bila shida, na ndani ya kasha lililofungwa hewa yenyewe huikaribia. Kuna kasoro ya pili isiyosemwa sana: PLA ikibanwa na bolti kwa muda mrefu hujisogeza polepole hata kwenye joto la kawaida la chumba. Leo umekaza, baada ya wiki kadhaa bolti imelegea na hakuna aliyeigusa. Kwa kishikio cha rola haina neno. Kwa kishikio cha mota ni taabu.

PETG hustahimili hadi karibu nyuzi 80, haipasuki ovyo, na haihitaji kasha. Kwa printa ya wazi ndiyo chaguo la kwanza kwa karibu kila kipuri. ABS na ASA hufika nyuzi 100 hivi na ndizo za mashine iliyofungwa ndani ya kasha, lakini zinataka hewa ya ndani ya kasha iwe na joto wakati wa kuchapa, la sivyo pembe hunyanyuka kitandani. Moshi wake pia si wa kuvutwa, kwa hiyo fungua madirisha au ondoa hewa nje. Nailoni nisingeitumia kwa vishikio: hunyonya unyevu na hupindika chini ya mzigo. Ni nzuri kwa sehemu zinazosuguana.

Chochote utakachochagua, kikaushe. PETG saa 4 hadi 6 kwenye nyuzi 65 inatosha. Filamenti yenye unyevu hutoa vipovu ndani ya tabaka, na kipuri kitavunjika pale ambapo kwa nje huoni kitu.

Iweke sawa mashine mzazi

Hapa ndipo printa inayojichapa inapotofautiana na printa inayochapa vase. Kasoro ya mashine inaingia kwenye kipuri, kisha kipuri kinarudi kwenye mashine. Ekstruda inayosukuma plastiki pungufu itachapa mwili wa ekstruda wenye kuta dhaifu. Mihimili isiyo ya mraba itachapa behewa lililokaa upande.

Anza na mambo ya mkono. Kaza mikanda, kaza bolti za fremu, sukuma kichwa kwa vidole uone kama kinatikisika. Kisha pima ekstruda. Weka alama kwenye filamenti milimita 120 kutoka inapoingilia, pasha nozeli, tuma M83 halafu G1 E100 F100 ili isukume milimita 100 taratibu. Ikibaki 20, uko sawa. Ikibaki 26, zimeingia 94 tu. Chukua namba iliyopo ya hatua za mota kwa milimita, zidisha kwa 100, gawa kwa 94. Kwa mfano 93 inakuwa 98.9. Iweke kwa M92 E98.9 na uhifadhi kwa M500. Amri hizi ni za mashine zinazotumia Marlin, programu inayoendesha bodi ya printa. Programu nyingine zina njia zake.

Sasa mraba. Chapa fremu nyembamba ya mraba wa milimita 100 kwa 100, urefu wa matabaka machache, upime ulalo wote wawili kutoka kona hadi kona. Kila mmoja uwe karibu na 141.4. Ukikuta mmoja umezidi mwingine kwa milimita 1.2, mihimili ya X na Y imepotoka kwa takriban nusu digrii, na vishikio vya fito utakavyochapa vitabeba upotovu huohuo. Legeza fremu, ipime kwa skwea, ifunge upya. Marekebisho ya kwenye programu yapo, lakini chuma kikiwa kimepinda ni bora kunyoosha chuma.

Kitu kimoja usikifanye: usibadilishe hatua za X na Y kwa sababu mchemraba wa milimita 20 umetoka 20.1. Mota ya hatua 200, mgawanyo wa kila hatua mara 16, puli ya meno 20 na mkanda wa milimita 2 hutoa hatua 80 kwa milimita. Hiyo ni hesabu, haibishaniwi. Ile 0.1 imetokana na ukuta wa plastiki kujaa kidogo kuelekea nje, na hubaki 0.1 hata kitu kikiwa na urefu wa milimita 150. Ukiifuta kwa kupunguza hatua, umbali kati ya matundu yote utapungua kwa nusu asilimia, na kwenye kipuri kirefu matundu hayatakutana na bolti zake. Rekebisha kiasi cha plastiki, au tumia mpangilio wa slaisa (programu inayokata mchoro kuwa matabaka) unaosogeza kuta za nje kwa ndani.

Kusinyaa ni suala jingine. ABS husinyaa kwa asilimia 0.7 hivi inapopoa. Kwenye matundu ya mota yaliyoachana milimita 31 ni 0.2 tu, na nafasi ya bolti huimeza. Kwenye kipuri cha milimita 150 ni milimita nzima. Hapo ndipo unapokuza mchoro wote kwa asilimia hiyo kwenye slaisa.

Chapa kipande cha majaribio

Usitumie saa nane kujua kwamba beringi haiingii. Kwenye slaisa kata sehemu yenye makazi ya beringi na tundu moja la bolti, ichape kwa unene wa milimita 4 au 5, kwa plastiki na mipangilio ileile ya kipuri halisi. Bolti ya M3 ipite kwenye tundu la 3.3 hivi bila kulazimishwa na bila kucheza. Beringi iingie kwa kusukumwa na dole gumba. Ikihitaji nyundo, plastiki itapasuka baadaye. Ikianguka yenyewe, itagonga.

Angalia pia tabaka la kwanza. Likitanuka chini kama mguu wa tembo, matundu yanayoanzia kitandani yatakuwa finyu mdomoni. Nyanyua nozeli kidogo au washa fidia ya tabaka la kwanza.

Ulalie upande gani

Plastiki iliyochapwa ina nguvu kufuata matabaka na ni dhaifu kati ya tabaka na tabaka. Chukua mkono wa ekstruda, kipuri ambacho huvunjika kuliko vingi. Springi inausukuma upande mmoja, beringi inaibana filamenti upande wa pili, na katikati kuna bolti ya egemeo. Ukiufungua mkono wa plastiki uliotumika muda mrefu na kuutazama kwenye mwanga, ufa huwa hapo pembeni ya tundu la egemeo, mwembamba kama unywele, mara nyingi upande wa chini usioonekana mkono ukiwa umefungwa. Dalili yake ya kwanza ni mlio wa tik-tik na kuta zenye mapengo, na mtu huanza kulaumu nozeli.

Mkono huo uuchape ukiwa umelala bapa, ili kila tabaka lizunguke tundu la egemeo na kuendelea hadi ncha. Ukiusimamisha, springi inakuwa inavuta tabaka litoke kwenye tabaka, na hautadumu. Jambo la bahati ni kwamba kwa mlalo huu matundu nayo yanasimama wima na kutoka duara safi.

Vishikio vyenye nguvu za pande mbili vitakudai uamue. Tazama bolti ipi inavuta zaidi, uilinde hiyo. Na michoro mizuri haihitaji nguzo za kuegemeza. Ukiona slaisa imejaza nguzo ndani ya makazi ya beringi, huenda umekigeuza vibaya.

Kwa mipangilio, ile inayopendekezwa na Voron inafaa karibu mashine yoyote: tabaka la milimita 0.2, kuta 4, matabaka 5 juu na 5 chini, ujazo wa ndani asilimia 40. Kuta zina maana kuliko ujazo, kwa sababu bolti hukaza kwenye ukuta. Mshono wa tabaka, pale kila tabaka linapoanzia na kuishia, uuhamishie mahali pasipogusana na kitu, kamwe usiwe ndani ya makazi ya beringi. Chapa kipuri kimoja kimoja. Kimoja kikinyanyuka kitandani, hakitaharibu vingine.

Kusafisha na nati za shaba

Toa nyuzi na mabaki kwa kisu, pitisha biti ya drili ya milimita 3.2 kwenye matundu kwa mkono, si kwa mashine, maana mashine huyeyusha plastiki. Makazi ya beringi usiyapige msasa kabla ya kujaribu.

Mahali bolti itakapofunguliwa mara kwa mara, zamisha nati ya shaba. Tundu lifuate kipimo cha muuzaji wa nati hizo. Weka nati mdomoni, igusishe ncha ya kifaa cha kulehemu risasi iliyozidi kidogo joto la kuchapia plastiki hiyo, na uiache ishuke kwa uzito wake na msukumo mdogo tu. Ikibakia kama nusu milimita, ondoa kifaa na ukandamize kwa kipande bapa cha chuma hadi plastiki igande. Kipande hicho ndicho kinachoinyoosha nati. Ukimalizia kwa ncha ya kifaa, itakaa mshazari.

Kufunga, na yanayofuata baada ya kufunga

Piga picha njia ya kila waya kabla ya kufungua. Hamisha kipuri kimoja, washa, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikaanza kutetemeka, hutajua umlaumu nani. Weka washa (pete bapa ya chuma) chini ya kila kichwa cha bolti, kaza hadi ishike na uongeze kidogo tu. Baada ya kuchapa mara kadhaa, mashine ikiwa imepoa, pitia bolti zote tena.

Kisha mambo yaliyobadilika bila kuonekana. Behewa jipya limesogeza nozeli, kwa hiyo weka upya umbali wake na kitanda. Bomba jipya la hewa linaweza kuipuliza bloku ya joto, na joto likaanza kupanda na kushuka. Endesha M303 E0 S240 C8 U1, amri inayopima upya udhibiti wa joto, ukiweka joto unalotumia badala ya 240, feni ikiwa imewashwa, kisha M500. Mwili mpya wa ekstruda unataka kipimo cha milimita 100 kirudiwe.

Kipuri cha zamani kikiwa bado kizima, usikitupe. Kiweke pamoja na nakala ya pili ya kila kipuri cha kundi la pili, kwenye mfuko ulioandikwa aina ya plastiki na tarehe, na uhifadhi faili ya slaisa yenye mipangilio yote, si STL peke yake.

Kama kimeshavunjika

Unahitaji mashine itembee kwa kazi moja tu, kwa hiyo usitafute uzuri. Mkono wa ekstruda uliopasuka unaweza kushikwa kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili na kamba ya plastiki ya kufungia nyaya iliyozungushwa juu ya ufa. Acha epoksi ikauke kwa muda wote ulioandikwa kwenye kopo. Kishikio cha mota kinaweza kutengenezwa kwa kipande cha mbao ngumu kilichotobolewa matundu kwa nafasi ya 31. Kikaza mkanda kinaweza kuachwa kabisa, mkanda ukavutwa kwa mkono na kufungwa.

Kisha punguza kasi hadi nusu, punguza mbio za kuongeza mwendo zaidi ya hapo, na uchape kwa PLA hata kama ulikusudia PETG, kwa kuwa haitaki joto kubwa wala haisumbui kushika kitandani. Kaa karibu na mashine muda wote. Kipuri hicho cha PLA kifunge, pima ekstruda upya, na kazi ya kwanza ya mashine iwe kukichapa tena kwa plastiki inayofaa, nakala mbili.